Shamba la Ukambani Si Hazina ya Waliofutwa Kazi

Lipo shauri moja ambalo kijana wa Kitui au Makueni aliyepigwa kalamu huko Nairobi, Mombasa au Athi River hupewa na watu wote kwa kauli moja, awe ni mwajiri aliyemfuta, awe ni mjomba wake, awe ni mwanasiasa aliyesimama jukwaani katika sherehe za Mei Mosi, nalo ni hili: rudi nyumbani ukalime. Aghalabu shauri hilo hutolewa kwa nia njema, na lina sura ya hekima, maana nyumbani hakuna kodi ya chumba wala nauli ya kila asubuhi, na mzazi hamfungii mwanawe mlango. Lakini wachache mno katika wanaolitoa hujiuliza huko nyumbani kuna nini cha kumlisha mtu mzima mwenye mke na watoto, ambaye hadi juzi yeye ndiye aliyekuwa akituma fedha za unga, za karo na za dawa ya mzee. Nami nadai katika makala haya kwamba shauri hilo limepita kiwango cha nasaha za wazee. Limekuwa ndiyo sera ya nchi kuhusu watu wanaopoteza kazi, sera isiyoandikwa katika waraka wowote, yenye umri mkubwa kuliko Jamhuri yenyewe, na wakati umewadia wa kuiacha.

Asili yake inajulikana. Katika zama za ukoloni, ujira wa Mwafrika aliyefanya kazi mjini ulikadiriwa kwa mahitaji ya mseja mmoja, kwa hoja kwamba mkewe na wanawe wanalishwa na shamba la rizavu, na kwamba yeye mwenyewe akiugua, akizeeka au akikosa kazi atarudi huko huko alikotoka, awe mzigo wa jamaa zake badala ya kuwa mzigo wa aliyemtumikisha. Kamati ya mishahara ya Waafrika iliyoongozwa na F. W. Carpenter, katika taarifa yake ya mwaka 1954, iliukosoa utaratibu huo na kupendekeza ujira utakaomwezesha mtu kukaa mjini pamoja na aila yake. La kustaajabisha ni kwamba serikali iliyotaka ardhi ya Wakamba iwe ndiyo akiba ya wafanyakazi ilikuwa ikijua fika kuwa ardhi hiyo imechoka, maana ni serikali hiyo hiyo iliyowanyang'anya ng'ombe watu wa Machakos mwaka 1938, wakati Makueni ingali sehemu ya wilaya hiyo, kwa madai kwamba mifugo imezidi uwezo wa malisho, hata mwanaharakati wao, Muindi Mbingu, akawaongoza maelfu ya watu hadi Nairobi kulalamika, na malipo yake yakawa kuhamishiwa Lamu. Ardhi isiyotosha ng'ombe ilitakiwa itoshe wazee, wagonjwa na wasio na kazi.

Uhuru ulipokuja mambo yalitengenezwa kwa sehemu tu. Mwaka 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi waliafikiana kwamba makampuni yaongeze watu kazini kwa asilimia 10 na serikali kwa asilimia 15, na wafanyakazi wasidai nyongeza ya mishahara kwa muda. Mapatano yale yaliwapa maelfu kazi, kisha nguvu yake ikaisha. Mwaka uliofuata, 1965, ilianzishwa hazina ya NSSF, nayo ilikuwa hatua adhimu, kwa kuwa kwa mara ya kwanza kibarua wa kawaida aliwekewa kitu cha uzeeni kwa nguvu ya sheria. Lakini kati ya siku mtu anapofutwa kazi akiwa na miaka 33 na siku anapotimiza miaka 60, au 50 akistaafu mapema, hazina hiyo haina la kumwambia, isipokuwa awe amelemaa au anaihama nchi moja kwa moja. Pengo hilo la miaka 17 hadi 27 liliachiwa shamba, kama lilivyoachiwa kabla ya Uhuru.

Basi na tulitazame shamba lenyewe. Mtu wa mbali huenda asijue kwamba katika sehemu kubwa ya Ukambani mvua ya kutegemewa ni ile ya vuli, ya Oktoba hadi Desemba, na kwamba ile ya Machi hadi Mei mara nyingi huja kwa kusitasita na kwenda zake kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Anayefutwa kazi mwezi wa Machi, akashuka Wote au Mwingi na godoro lake lililofungwa kamba, amefika wakati pojo na mbaazi za msimu uliopita zimekwisha kugawanywa kati ya ghala, soko na madeni, na msimu ujao wa vuli uko mbali naye miezi saba. Maji huenda akayanunua kwa mtungi kutoka kwa mwenye punda. Ardhi ya babaye, iliyokuwa moja, imekwisha kukatwa kwa ndugu wanne, na hiyo sehemu yake imekuwa ikilimwa na shemeji ambaye si rahisi kumwondoa kwa siku moja. Miembe ya Makueni inasifiwa kote, na ni haki isifiwe, lakini mwembe hupandwa leo kwa riziki ya miaka ijayo, na bei ya embe shambani hupangwa na dalali aliyekuja na lori.

Zamani ilikuwapo njia ya mwisho ya aliyeishiwa, nayo ilikuwa kuchoma makaa au kupakia mchanga mtoni. Mwezi wa Januari 2018, Gavana Charity Ngilu alipiga marufuku biashara ya kusafirisha makaa na mchanga nje ya Kitui, na Makueni ilikuwa imekwisha kutunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Mimi ni miongoni mwa walioziunga mkono hatua zile, kwa sababu mto uliochimbwa hadi mwambani haushiki maji tena, na mlima uliokatwa miti hautarudi katika uhai wetu. Lakini lazima tuseme kweli yote: mlango ule ulipofungwa, hakuna aliyehesabu ni watu wangapi walikuwa wakiutumia kwa sababu mlango wa kiwanda ulifungwa kabla yake.

Tuyaache hayo kidogo tuingie katika sheria, kwa maana wengi wanaorudi na godoro wamerudi bila haki zao, na wamezikosa kwa kutojua. Jambo la kwanza la kulifahamu ni kwamba Kenya haina posho ya serikali kwa aliyepoteza kazi. Nchini Uingereza bima ya namna hiyo ilianza kwa sheria ya mwaka 1911, na nchini Marekani kwa sheria ya mwaka 1935 ambayo kila jimbo huiendesha kwa namna yake, hivyo wenzetu waliohamia huko hujua ofisi ya kuiendea siku ya pili baada ya kufutwa. Hapa kwetu, Katiba ya mwaka 2010 katika kifungu cha 43 inampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na inaitaka dola iwatunze wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Lakini ahadi hiyo, kwa upande wa mwenye nguvu zake aliyefutwa kazi, haijapata mfuko wala dirisha la malipo.

Kilichopo ni kile ambacho mwajiri anawajibika kutoa, na kipo katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Tuchukue mfano wa mfanyakazi wa kiwandani anayelipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, aliyetumikia miaka saba kamili, kisha akaambiwa kwamba kazi imepungua na nafasi yake haipo tena. Kwanza anastahili kuarifiwa kwa maandishi mwezi mmoja kabla, na afisa wa leba wa mahali hapo aarifiwe vilevile, au kama yumo katika chama cha wafanyakazi, chama chake kiarifiwe. Asipopewa notisi hiyo, alipwe mshahara wa mwezi badala yake, yaani shilingi 20,000. Pili anastahili kiinua mgongo kisichopungua ujira wa siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza, ambao kwake ni nusu ya mshahara, shilingi 10,000 mara saba, jumla 70,000. Tatu, siku za likizo alizokuwa bado hajazichukua zinageuzwa fedha, na kwa kuwa sheria inampa mtu siku zisizopungua 21 kwa mwaka, kama hakuchukua likizo mwaka ule wote anadai kiasi cha shilingi 14,000. Ongeza mshahara wa siku alizofanya kazi katika mwezi ule wa mwisho. Mtu huyu, ambaye amepewa shilingi 20,000 getini na kutakiwa atie sahihi karatasi inayosema hana dai lingine lolote, ameacha nyuma yake zaidi ya shilingi 80,000 zilizo mali yake halali.

Nimesimama kwa muda katika hesabu hii kwa sababu karatasi ile ya getini ndiyo inayowaangusha watu. Huletwa saa ya magharibi, mlinzi amesimama kando, fedha zimo ndani ya bahasha, na kila mtu anataka kuliwahi basi la mwisho. Mwenye kuisoma anaweza kuomba nakala yake kwanza, kwenda nayo nyumbani na kumwonyesha mtu anayejua. Hakuna sheria inayomlazimisha kutia sahihi usiku ule. Na kuna karatasi nyingine ambayo ni lazima aiombe, cheti cha utumishi, kinachoonyesha tarehe aliyoanza, kazi aliyokuwa akifanya na tarehe aliyoacha. Mwajiri anawajibika kukitoa kwa mtu yeyote aliyemtumikia kwa wiki nne au zaidi, hata kama waliachana kwa ugomvi, na akikataa anatenda kosa. Bila cheti hicho, miaka saba ya ufundi wa cherehani au wa kuendesha mashine inakuwa maneno matupu mbele ya mwajiri wa pili.

Aliyefukuzwa kwa tuhuma za makosa hali yake ni nyingine, ila hakunyimwa kila kitu. Sheria inataka aelezwe kosa lake kwa lugha anayoifahamu, asikilizwe akiwa na mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama chake, na hata ikithibitika kwamba alistahili kufukuzwa papo hapo, bado atalipwa kila alichokuwa amekwisha kukichuma hadi siku ile. Mzigo wa kuithibitisha sababu ya kumfuta ni wa mwajiri. Mahakama ikiona kwamba aliondolewa pasi na haki inaweza kuamuru alipwe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Na yule ambaye mwajiri wake hakumwandikisha NSSF wala mpango mwingine wa uzeeni ana dai la malipo ya utumishi kwa kila mwaka aliofanya kazi. Aliyeandikishwa naye asiridhike na makato yaliyo katika hati ya mshahara, maana kukatwa ni jambo moja na fedha kufika ni jingine. Aende Huduma Centre, ipo Kitui na ipo Wote, aombe taarifa ya michango yake, aitazame mwezi kwa mwezi.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni ya walioajiriwa kwa barua, ilhali watu wetu wengi ni vibarua wa kulipwa jioni. Mashamba ya katani ya Kibwezi, ujenzi wa reli mpya uliopita Emali, Kibwezi na Mtito Andei hadi treni ilipoanza kwenda tarehe 31 Mei 2017, bwawa la Thwake lililoanza kujengwa mwaka 2018 pale mto Thwake unapokutana na Athi: shughuli za namna hii ndizo shule ya kazi za kibarua katika kaunti zetu mbili. Naam, lakini kifungu cha 37 cha sheria ile ile kinasema kwamba kibarua aliyefanya kazi kwa siku zilizofuatana zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, au aliyepewa kazi isiyotazamiwa kumalizika katika miezi mitatu, anahesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi, na anapata haki ya notisi kama wengine. Ni kweli kwamba mkataba wa muda maalumu ukifika ukomo wake kwa tarehe iliyoandikwa, mtu hana kiinua mgongo cha kupunguzwa kazi. Ndiyo maana ni muhimu kujua umesaini nini siku ya kwanza, na kuyahifadhi majina ya wasimamizi, kadi za kazi, hata jumbe za malipo katika simu, kwa sababu kibarua asiye na barua hushinda kwa vitu kama hivyo.

Kuhusu muda, lalamiko la kufutwa isivyo haki hupelekwa kwa afisa wa leba katika miezi mitatu, na kesi hufunguliwa katika miaka mitatu. Muda huo ukipita, dai zuri linakufa. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inakaa Machakos, lakini tangu mwaka 2018 mahakimu wa ngazi ya juu wa mahakama za kawaida wamepewa mamlaka ya kusikiliza madai ya ajira ya watu ambao mshahara wao haukuzidi shilingi 80,000 kwa mwezi, jambo lililomwondolea mtu wa Mutomo au wa Kyuso safari ndefu.

Mtu akishaupata huo mzigo mdogo wa fedha, au akaukosa, ni msaada gani mwingine unaomngoja? Hapa ndipo huzuni yangu inapozidi. Programu ya Inua Jamii inawalipa wazee waliotimiza miaka 70, nyumba zinazolea yatima na watoto wenye dhiki, na watu wenye ulemavu mkubwa, shilingi 2,000 kwa mwezi. Mpango mwingine wa serikali, wa fedha za kukabili njaa, ulianzia Turkana, Wajir, Mandera na Marsabit, na hata ulipopanuliwa ulikwenda Garissa, Isiolo, Samburu na Tana River, haukufika Kitui wala Makueni. Sheria ya msaada wa jamii iliyopitishwa mwaka 2013 iliwataja wasio na kazi miongoni mwa wahitaji, lakini mipango iliyotiwa fedha ni ile ya wazee, yatima na walemavu, na wasio na kazi walibaki katika maandishi. Wakati wa korona mwaka 2020, serikali iliwafutia kodi waliokuwa wakilipwa hadi shilingi 24,000, yaani wale waliokuwa wangali na mshahara, na ikaanzisha Kazi Mtaani kwa vijana wa mitaa ya mabanda mijini. Aliyekuwa amekwisha kupanda basi na kurudi Mwingi hakuwamo katika hili wala lile.

Hivyo linatokea jambo ambalo kila anayeishi vijijini amelishuhudia, nalo ni kwamba posho ya ajuza wa miaka 74, shilingi elfu mbili ambazo mara nyingi hukawia miezi, hugeuka kuwa ndiyo bima ya ukosefu wa kazi ya mwanawe wa miaka 35. Mama huzipokea, hukata za sukari na mafuta ya taa, na zilizosalia huzikunja na kumpa mwana kwa siri asije akaaibika mbele ya watoto. Fedha zilizokusudiwa kuupumzisha uzee zinafanya kazi ya kiwanda kilichofungwa. Sijui dhuluma iliyo tulivu kuliko hii.

Mikopo ya Hustler Fund, iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, ya kuanzia shilingi 500 hadi 50,000 kwa kulipwa katika siku 14, ina faida zake kwa mwenye biashara inayozunguka, lakini mkopo si msaada kwa asiye na mapato, ni kumwongezea deni juu ya dhiki. Mpango wa NYOTA, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, unatoa mitaji bila kudai marejesho, nao ni mwema. Ila umelengwa kwa vijana wa miaka 18 hadi 29, na anayefutwa kazi aghalabu amekwisha kuupita umri huo.

Upande wa matibabu nao wataka hadhari. Tangu mamlaka ya bima ya afya, SHA, ilipochukua nafasi ya mfuko wa zamani wa NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Akifutwa, makato hukoma, na bima hukoma pamoja nayo, hadi ajiandikishe upya kwa kueleza hali yake na kulipa mchango wa mwaka, ambao haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Afanye hivyo mapema, kabla hajaugua mtu nyumbani, na ajue kwamba matibabu ya msingi katika zahanati na vituo vya afya yanatolewa bila malipo kwa kila aliyejiandikisha. Makueni iliwahi kuonyesha njia katika jambo hili: kuanzia mwaka 2016, chini ya Gavana Profesa Kivutha Kibwana, nyumba nzima ilitibiwa katika hospitali za kaunti kwa kulipa shilingi 500 kwa mwaka, wala hakuna aliyeulizwa kama ana kazi. Kaunti yenye ukame ilithubutu jambo ambalo serikali kuu ilikuwa bado ikilijadili, na tangu hapo sikubali kuambiwa kwamba umaskini ndio unaotuzuia.

Wakamba hawakungoja serikali katika mambo mengi. Mwethya, ule umoja wa watu kukusanyika na kufanya kazi ya mmoja wao leo na ya mwingine kesho, umejenga matuta, shule na visima kote Ukambani, na vyama vya akina mama vya kuweka na kukopeshana vimewavusha wengi. Lakini umoja wa namna hii hufaa pale mmoja anapoanguka na tisa wakamwinua. Kiwanda kinapowafuta watu mia nne kwa siku moja, na mia moja kati yao wakawa wametoka lokesheni tatu za jirani, kila chama hupoteza wachangiaji wake saa ile ile kinapohitajiwa, kwa sababu fedha za chama zilitoka katika mishahara hiyo hiyo. Msiba wa wengi wataka mfuko wa wengi zaidi, unaochangiwa na Kisumu wakati Kitui imelala na njaa, na kuchangiwa na Kitui wakati Kisumu imefurika.

Mfuko kama huo si ndoto. Jirani zetu wa Tanzania, kwa sheria za mwaka 2018, waliweka fao la upotevu wa ajira: mwanachama mwenye taaluma aliyechangia kwa miezi isiyopungua 18, akipoteza kazi bila kujiuzulu, hulipwa theluthi ya mshahara wake kwa miezi sita. Fao hilo lina upungufu wake, na wafanyakazi wengi kule walinung'unika kwamba lilikuja kuchukua nafasi ya ruhusa ya kujitoa na kuondoka na akiba yao yote. Hata hivyo kanuni imekwisha kukubaliwa, kwamba kupoteza kazi ni janga kama ugonjwa na uzee, na linaweza kuwekewa bima. Afrika Kusini mfanyakazi huchangia asilimia moja na mwajiri asilimia moja, na fedha hizo ndizo zinazomsitiri aliyefutwa. Kwetu sisi fikra hiyo imetajwa na wizara na vyama vya wafanyakazi mara kadhaa, kisha ikarudishwa kabatini.

Nami namrejea mfanyakazi wetu wa shilingi 20,000. Kabla ya Februari 2023 alikuwa akikatwa shilingi 200 za NSSF. Sasa hukatwa 1,200, na mwajiri huongeza 1,200. Hukatwa 550 za SHA na 300 za ushuru wa nyumba. Jumla ya shilingi 2,050, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya jasho lake, humtoka kila mwezi kwa ajili ya uzee, maradhi na makao, na katika hizo haimo hata shilingi moja kwa ajili ya janga linaloweza kumpata kesho asubuhi. Asilimia moja kwake ni shilingi 200, na kwa mwajiri wake 200. Sisemi ziongezwe juu ya mzigo uliopo. Nasema zitengwe kutoka katika makato ambayo tayari anayatoa, na sioni kwa nini zisitolewe katika zile 300 za nyumba ambazo mtu wa Nzambani au Nzaui, aliyejijengea kwa tofali zake mwenyewe, hajui zitamfaa lini.

Husemwa kwamba posho itawafanya watu wavivu. Anayesema hivyo hakupata kumwona Mkamba akitembea na jembe kabla ya alfajiri kwenda kwenye ardhi anayojua itamnyima. Posho ya miezi sita, ya theluthi ya mshahara, iliyotokana na michango ya mtu mwenyewe, haimlevyi mtu. Inampa nafasi ya kutafuta kazi ya pili bila kuuza mbuzi wa mwisho. Na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ipo ili kuwaandikisha wanaotafuta kazi; anayelipwa aandikishwe huko, na afike kila mwezi.

Kitui ina majimbo manane ya uchaguzi na Makueni sita. Ukiongeza wawakilishi wawili wa wanawake, wabunge kumi na sita katika Bunge la Taifa wanatokana na kaunti ambazo watu wake wamejaa katika viwanda, katika ulinzi na katika kazi za majumbani za nchi hii. Yeyote kati yao anaweza kupeleka mswada wa bima ya kupoteza kazi, na wenzake kumi na watano wakamuunga mkono bila kujali chama. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Wanapokuja kuomba kura sokoni Kibwezi na stendi ya Mwingi, waulizwe kwanza juu ya mswada huo, kabla ya kuulizwa juu ya barabara.